Jiwe la Jangwani Kitandani Mwetu

Ka-ka-ka. Sauti ya ile mashini ningali ninaisikia, kavu kama mahindi yanapoanza kupasuka chunguni.

Wakati ule Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na muzungu mpima mawe, patroni aliyemwajiri baba, alikuwa amerudi kwao haraka. Alimwachia baba mashini, ile inayolia ikikaribia mawe fulani, na sanduku la mawe ayatunze nyumbani, maana ofisini askari waliingia na kutoka.

Mawe ya kwetu niliyajua. Kila nyumba ya kampi ya wafanyakazi wa mgodi iliweka malakiti, jiwe la kijani la shaba, juu ya kabati, karibu na picha ya Bikira Maria. Lakini moja sandukuni lilikuwa geni: graniti ya kijivu, kwenye nyufa zake unga wa manjano kama ua la boga. Baba alisema limetoka jangwani.

"Kule mvua hainyeshake. Huku kwetu maji ingekwisha kubeba ile manjano yote."

Wiki nzima niliota jangwa. Kisha nikalichukua lile jiwe bila kuomba, nikalifunga kitambaa kama mtoto, nikampa mdogo wangu alale nalo. Alikuwa anakohoa, hana cha kuchezea. Na kwetu jiwe zuri ni pambo, nani angeliogopa?

Jumamosi baba alifungua sanduku akakuta nafasi moja tupu. Akawasha mashini. Saluni, pale pa kupokelea wageni, kimya. Jikoni, kimya. Kitandani mwetu: ka-ka-ka.

"Yaya, ni mutoto yangu analia?" mdogo wangu akaniuliza mimi dada yake, amelikumbatia jiwe.

Baba akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama," akaniambia polepole, kama alivyozoea kuniita, "hii iko na uraniumu. Haiuake muntu siku moja. Lakini mutoto wa kukohoa hawezi kulala nayo."

"Itamuongezea kikohozi?"

"Sijui. Njo maana naogopa."

Afadhali angenichapa.

"Niizike mu shamba ya mama?"

"Na mvua? Si itashuka mpaka mu lengalenga, mu mboga ya mama?" Akacheka kidogo. "Wewe na jangwa yako."

Akalirudisha jiwe sandukuni, akafunga kwa ufunguo. Mdogo wangu akamlilia mtoto wake mpaka nikamfungia kiazi kitamu kwenye kitambaa kingine. Akakipokea, akasema huyu ni mwepesi, hajashiba.

Mama alipompeleka dispensari, nilibaki peke yangu. Nikalitandua blanketi lake. Vumbi la manjano lilikuwa limeshika kwenye sufu. Nikalifua blanketi kwa sabuni mara tatu, na kila mara nikayabeba yale maji kwa beseni mpaka mfereji wa barabarani, mbali na lengalenga.