Fundi turubai anayekwenda Paje kuitazama tiara aliyoitoboa

Saa moja na nusu asubuhi jua halijavuka mgongo wa Uluguru, lakini Pazi Kibwana ameshavua viatu. Hufanya hivyo kila anaposhona kitu kinachomtia hofu. Anasema mguu mtupu kwenye kanyagio la cherehani hauna haraka.

Mbele yake, kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya ujenzi nyuma ya Soko Kuu la Morogoro, kimetandazwa kitambaa cha buluu, chepesi kama ganda la kitunguu. Kimefunika benchi la wateja, kikateremka ngazi, kikafika hadi kwenye meza ya chai ya jirani yake, Rosa. Kila anayepita anasimama, na kila anayesimama anauliza.

“Fundi, hilo turubai la harusi au la msiba?”

“La baharini,” anajibu bila kuinua kichwa.

Ni tiara. Si ile ya watoto ya karatasi na njiti, bali ile ambayo wanaoicheza huiita kaiti. Hii ni kubwa kuliko mapaa ya bajaji tatu, na mtu hujifunga mkanda kiunoni, akaishika kwa kamba ndefu, akasimama juu ya ubao na kuuachia upepo umvute juu ya maji kwa mwendo wa pikipiki. Mwenye nayo ni mpwa wake, Maimuna, anayefundisha mchezo huo Paje, pwani ya mashariki ya Unguja.

Tiara hiyo ina viraka vinane vya njano, kila kimoja na umbo la mwezi mchanga. Viraka hivyo ni kosa la Pazi mwenyewe, na ndivyo vinavyompeleka kuiona bahari kwa mara ya kwanza akiwa na miaka hamsini na minane.

“Dar nimekwenda sijui mara ngapi,” anasema. “Nashuka, naingia Kariakoo, nanunua turubai na uzi, napanda gari narudi. Kariakoo naijua kama kiganja cha mkono wangu. Bahari naisikia tu kwamba ipo pale nyuma ya majengo.”

Pazi alizaliwa Kinole, juu mlimani, kwenye migomba na midalasini. Aliteremka mjini akiwa kijana na kushika kazi kwa fundi mmoja wa maturubai ambaye sasa ni marehemu. Tangu hapo ameshona mahema ya harusi, vifuniko vya malori, mapaa ya bajaji na mabango ya vitambaa yanayotundikwa barabarani. Siku njema humwachia shilingi elfu ishirini. Siku ambazo si njema haziongelei.

Katika miaka yote hiyo, adui yake amekuwa mmoja tu: upepo.

Turubai la kwanza alilolishona peke yake lilikuwa la harusi, upande wa Mzinga. Upepo uliteremka kutoka mlimani katikati ya nasaha za wazee, ukalinyanyua turubai zima na kwenda kulitua juu ya masufuria ya pilau. Bibi harusi alilia. Pazi, aliyekuwa amekaa nyuma akisubiri kusifiwa, alitoroka kupitia shamba la mahindi.

“Fundi wangu aliniambia, upepo usizibiwe njia. Ukiuzibia utachana, na ukishindwa kuchana utabeba. Toboa, upite uende zake.”

Ndiyo sababu turubai na bango lolote linalotoka mikononi mwa Pazi lina matundu ya nusu mwezi, yaliyozungushiwa mkanda mgumu ili yasiendelee kuchanika. Wateja wameyazoea. Wengine huyatumia kumtambua fundi.

Maimuna ni mtoto wa dada yake mkubwa, Mwaisha, ambaye bado analima Kinole. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na likija jambo zito, anayeulizwa ni mjomba. Miaka mitano iliyopita Maimuna alipopata kazi ya usafi katika hoteli moja huko Paje, mama yake alisita. Akamtuma kwa mjomba. Pazi akasema aende.

“Nilijua anakwenda kutandika vitanda,” anasema, akicheka kidogo na kujifuta jicho kwa mgongo wa mkono. “Kutandika vitanda kuna hatari gani?”

Msichana alitandika vitanda kweli. Lakini kila alipomaliza zamu alikuwa akiwatazama wenzake wakiteleza baharini. Akaomba kujaribu. Kwanza akajifunza kusimama kwenye ubao juu ya mawimbi madogo, kisha kuishika tiara akiwa mchangani, kisha akaingia nayo majini. Siku alipopewa kazi ya kufundisha wanaoanza, alituma nyumbani video fupi. Alidhani anawapelekea furaha.

Mwaisha aliitazama akiwa jikoni. Alimwona mwanawe akinyanyuliwa juu ya maji, miguu ikining'inia, kichwani hana hata mtandio. Simu ikamponyoka ikaingia kwenye unga wa maandazi. Hakuitazama tena video hiyo mpaka leo.

Ukoo ulikaa. Hakuna aliyemgombeza Maimuna, kwa sababu hakuwapo. Aliyegombezwa ni mjomba.

“Walinikalisha katikati. ‘Umempeleka mtoto akachezewe na upepo.’ Mimi mwenyewe upepo nauogopa.”

Tangu siku hiyo, Mwaisha akiongea na binti yake kwenye simu humuuliza mambo yale yale: afya, chakula na swala. Maimuna hujibu yote. Kazi haiulizwi. Kwa mwaka wa tatu sasa, msichana anaamka, anakwenda kazini, anapenda anachokifanya, na mama yake mzazi anaongea naye kana kwamba muda huo wa mchana haupo.

Jambo hilo linamuumiza Pazi kuliko kile kikao cha ukoo. Anasema hivyo waziwazi.

Mwaka jana Maimuna alinunua tiara yake ya kwanza, iliyokwisha kutumika. Haikumaliza mwezi ikachanika kwenye mwamba. Akaikunja, akaifunga kwenye kiroba na kumtumia mjomba kwa boti na basi. Pazi aliifungua kibarazani kwa heshima zote. Akabadilisha sindano, akaweka ile nyembamba ya nguo za harusi, akaushona mpasuko hata usiuone.

Halafu akaitazama. Kitambaa kikubwa namna ile, cha mtoto wake, hakina hata tundu moja la kupitisha upepo. Akashangaa uzembe wa waliokitengeneza. Akachukua mkasi.

“Nilitoboa manane,” anasema. “Nikazungushia mkanda vizuri. Nilikuwa najisikia raha, nikijua nimemwokoa mtoto.”

Kule Paje, Maimuna aliitandaza mchangani mbele ya wanafunzi wake. Akayahesabu matundu, kisha akapiga simu.

“Shikamoo mjomba. Mjomba, umenitobolea kaiti?”

“Marahaba mwanangu. Nimeuwekea upepo njia, usije ukakubeba.”

“Mjomba,” alisema Maimuna, na hapo haikujulikana kama analia au anacheka, “inatakiwa inibebe.”

Pazi anasema siku ile hakushona kitu kingine. Alikaa kwenye benchi la wateja kama mteja. Rosa, ambaye ni mtani wake kutoka Songea na hakosi neno, alimletea chai na kumwambia safari hii ashone neti ya mbu aiite mwavuli. Hata yeye alipoona fundi hacheki, alirudi mezani kwake.

Tiara ilirudishwa Morogoro. Maimuna alituma na mabaki ya kitambaa chenyewe, rangi pekee aliyoipata ikiwa ya njano, pamoja na gundi yake. Pazi alivua viatu, akaziba matundu yote manane. Aliposikia kwamba tiara imeruka na Maimuna amerudi ufukweni salama, aliomba aambiwe mara ya pili.

Siku hizi Paje wanaitambua tiara hiyo kutoka mbali kwa viraka vyake, na wenzake Maimuna wanapochaniwa za kwao huuliza fundi wake yuko wapi. Tiara kadhaa zimeshapanda boti na basi kuja Morogoro. Pazi anashukuru kwa kazi hiyo mpya, lakini si hiyo iliyomfanya apange safari.

Hapa kuna siri, naye anaitoa kwa sauti ya chini kwa sababu Rosa anasikiliza. Safari hii tiara ya Maimuna haikuchanika popote. Pazi ndiye aliyemwomba aitume.

Dada yake huteremka kutoka Kinole kila Ijumaa na ndizi na mdalasini, na akitoka sokoni hupita kibarazani kunywa maji. Ijumaa iliyopita Pazi aliitandaza tiara njia nzima ili Mwaisha asipate pa kupita. Kisha akainama kwenye cherehani, akajifanya ana shughuli.

Mwaisha alifika akiwa na kapu kichwani, akasimama.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba. Ni nini hiki umezibia watu njia?”

“Ni ya Maimuna.”

Mwaisha alishusha kapu. Akachuchumaa, akaanza kuupapasa mshono mkuu, ule wa mbele unaobeba uzito wote, toka mwanzo hadi mwisho, kwa vidole vile vile anavyochagulia mchele.

“Hiki ndicho kinachomshika mwanangu kule juu?”

“Ndicho.”

“Na umeshona wewe?”

“Palipochanika nimeshona mimi.”

Akauvuta mshono kwa mikono miwili. Akavuta tena, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, mtandio ukamdondoka mabegani. Mshono ulikaa. Akasogea mbele kidogo, akaonyesha kwa kidole.

“Hapa uzi umelegea. Rudia.”

Haukuwa umelegea. Pazi alirudia. Dada yake alisimama juu ya kichwa chake mpaka alipomaliza, na alipokuwa akijitwika kapu aliuliza, kama anayeuliza bei ya chumvi, kwamba hiyo Paje mtu akienda analala njiani au anafika siku hiyo hiyo.

Sasa zimebaki wiki mbili. Watapanda treni ya umeme ya asubuhi hadi Dar es Salaam, kisha boti hadi Unguja, kisha gari hadi Paje. Maimuna amewapangia siku tatu. Siku ya kwanza ni ya kupumzika na kula. Siku ya pili, adhuhuri upepo wa kusi ukishika kasi, ataingia majini na tiara ya viraka huku wao wakikaa kivulini. Siku ya tatu, asubuhi bahari ikiwa imetulia, atamlaza mjomba wake kifudifudi kwenye ubao, mahali ambapo maji hayapiti magoti, aonje wimbi moja.

“Hatalala kwenye ubao wowote,” anasema Mwaisha, ambaye ameteremka tena Ijumaa hii na amekaa kwenye benchi, kapu miguuni. “Nikirudi Kinole bila mjomba wa watoto nitawaambia nini?”

“Maji ya magotini, dada.”

“Magoti ya nani? Ya Maimuna? Huyo mrefu.”

Yeye ana mipango yake. Mkungu wa ndizi ameambiwa ni mzigo mkubwa, ameukata vichane. Maharage yamo. Kubwa zaidi ni fungu la magome ya mdalasini alilolikausha mwenyewe, amelifunga kwenye kipande cha kanga.

“Mama, unapeleka viungo Zanzibar?” anauliza Rosa, akishindwa kujizuia.

“Hivyo vyao,” anajibu Mwaisha. “Huu ni wa nyumbani kwake.”

Pazi ametoka kunywa chai yake. Viatu ameshavaa, tiara aliyokuwa akiikazia mishono tangu asubuhi ameikunja na kuiweka pembeni, tayari kuingizwa kwenye kiroba. Ukimuuliza anatarajia nini huko, hazungumzii bahari. Anasema anataka wakae wawili pale mchangani, yeye na dada yake, wamwone mtoto akienda na akirudi. Akirudi mara moja tu mbele ya macho ya mama yake, inatosha.

Simu ya Mwaisha inalia. Ni Maimuna. Mama anaiweka sauti kubwa, kwa kuwa masikio yake yamechoka, na kibaraza kizima kinasikia. Anamuuliza afya. Nzuri. Chakula. Amekula. Swala. Ameswali.

Hapo ndipo maongezi yao huishia siku zote. Maimuna analijua hilo, ameshaanza kuaga. Mama yake anamkatiza.

“Maimuna.”

“Abee, mama.”

“Upepo wa huko leo ukoje?”

Pazi ameacha kukunja uzi. Rosa ameshika birika hewani, hamimini.

“Leo umelala, mama,” inasema sauti ya msichana taratibu. “Lakini wiki mnayokuja nyinyi utakuwa mzuri. Mzuri sana.”

“Mzuri ndiyo mkali?”

“Ndiyo, mama. Mkali kidogo.”

Mwaisha anaitazama tiara iliyokunjwa pale pembeni, kisha anamtazama mdogo wake. Anainuka, anaishika ncha ya kitambaa cha buluu na kuanza kuifungua upya, viraka vya njano vikitokea kimoja baada ya kingine juu ya ngazi.

Pazi anavua viatu.