Waridi la Mama Lililovaa Nguo Tatu

Enzi zetu pale Heru Juu, sisi watoto hatukuamshwa na simu. Tuliamka wenyewe, tukakimbilia ukuta wa jiko kuona waridi la Mama limeamkaje. Lilikuwa la zamani, shina lake nene kama mkono wa mtu mzima, limepanda hadi kwenye nyasi za paa na kuning'inia upande wa pili. Ua lilifunguka manjano kama kiini cha yai la kienyeji. Kesho yake limeona haya, limeingia wekundu wa ulimi wa ndama. Siku ya tatu, jekundu la kuiva kabisa, karibu na weusi. Yote kwenye shina moja! Miezi ya baridi rangi zilikolea. Mvua zikizidi, zilipauka. Mimi niliishia darasa la nne, lakini hata waliosoma walisimama pale midomo wazi, ugali wa muhogo unapoa ndani.

"Usilichume," Mama alitukanya, "halijamaliza kusema."

Mdomo wangu ndio uliotuponza. Niliwatambia watoto wa baba mdogo Ntakije: "Ua letu linamsikia Mama. Akiliambia badilika, linabadilika." Baba alipofariki kwa homa, neno hilo la kitoto likarudi na panga.

"Shemeji," Ntakije akasema mbele ya watu, "ua moja linavaa nguo tatu, na kaka yangu yuko kaburini. Tukueleweje?"

"Kama huo ni uchawi," Mama akajibu, "kamshtaki aliyeliumba."

Ntakije akalikata waridi lile. Mkewe, mama Zabroni, akapiga vigelegele. Nawataja kwa majina, maana shamba letu la maharage walililima wao msimu uleule. Na mimi najitaja, maana neno lilitoka kinywani mwangu.

Tukafukuzwa, tukaenda kwa wajomba, Kibondo. Mama alibeba pingili moja tu ya waridi lake, kaichomeka kwenye kipande cha mgomba isikauke njiani. Akaipanda kule; miaka miwili, majani matupu. Nikajua nimeliua. Halafu likachanua manjano. Siku ya tatu, lilipoiva jekundu, Mama alivua kitenge cha begani akalifunika, majirani wasione. Nilimkuta amepiga magoti anachungulia chini ya kitenge, machozi yanamtoka na huku anacheka.

Leo limefunika bati la nyumba yangu, maua ya kila rangi kwa wakati mmoja, na mimi na mvi zangu bado mwili unanisisimka. Vijana wa siku hizi wanasimamisha bodaboda, wanajipiga picha, hata shikamoo hamna.

"Mama mkubwa, umelipaka nini?"

"Nimelipaka siku tatu," nawaambia. "Kaeni muone."

Wanacheka, pikipiki inanguruma. Mama aliliangalia ua lake kwa kujificha, muda mrefu, mpaka alipofariki. Hawa hakuna wa kuwafukuza, na hawakai.