Asiyesikia la Mkuu

Mdogo wangu alipoteza kusikia akiwa na miaka minne, baada ya homa iliyomlaza majuma mawili. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Kabla hajapelekwa shule ya bweni ya viziwi tulikuwa na lugha yetu sisi wawili, ya vidole na nyusi. Baadaye, kila likizo alirudi na alama mpya akanifundisha jikoni huku tukimenya ndizi. Nikikosea, ananichapa kidogo mkononi. Chuo changu kilikuwa hicho.

Kuna jambo moja nililomwahidi tukiwa wadogo. Wageni walikuwa wakicheka mezani, naye akiuliza wamecheka nini, watu wazima walimpungia mkono: hakuna kitu. Nilimwona anavyoinamisha kichwa. Nikamwambia, mimi sitakuambia kamwe kwamba hakuna kitu.

Tulipokua, yeye akawa fundi cherehani pale Sakina, kwenye chumba kinachotazama barabara ya Nairobi. Malori aliyajua kwa nyayo. Anashona, ghafla anainua kidole, na punde kweli kioo cha dirisha kinatetemeka. Mimi nikawa mwalimu wa shule ya msingi. Jumapili nilisimama chini ya mimbari kanisani kwetu, nikimtafsiria yeye na viziwi wengine watano mahubiri. Hapo ndipo mgombea aliponiona.

Alikuwa mwalimu mstaafu, anagombea udiwani. Baada ya ibada alinifuata uani, kofia mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuona ukiongea kwa mikono. Nataka na hao wenzetu wajue ninachosema kwenye mikutano. Utanisaidia?"

Nikakubali. Nilidhani hotuba na mahubiri ni ndugu.

Mkutano wa kwanza ulikuwa saa tisa alasiri, kwenye uwanja ulio nyuma ya maduka. Mlima Meru ulikuwa umevua mawingu. Viziwi wetu sita walipewa benchi la mbele kabisa, mdogo wangu mwishoni, futi ya kupimia nguo bado ikining'inia shingoni. "Oyee" haikuwa na alama niliyoijua, kwa hiyo nilirusha ngumi juu mara tatu kama mtu anayetwanga mawingu. Mdogo wangu alinicheka waziwazi.

"Mimi ni mtoto wenu!" mgombea akasema.

Nikatafsiri. Mdogo wangu akazitazama mvi za yule mzee, kisha akaniuliza kwa mikono: mtoto wa nani? Nikamkazia macho anyamaze.

Ndipo hotuba ikafika kwenye suala la kivuko cha miguu. Kati ya nyumba zetu na barabara kuna korongo. Karibu mwaka mzima ni kavu, mbuzi wanashuka na kupanda. Lakini mvua ikinyesha juu mlimani, maji huja kwa mkupuo, hata kama Sakina kuna jua. Wenye masikio husikia ngurumo yake mapema, wakakimbia. Mdogo wangu hakuwa na nafasi hiyo. Masika moja jirani alimvuta kwa gauni akiwa katikati ya korongo. Maji yalichukua kiatu kimoja na furushi la vitambaa vya wateja. Tangu hapo, mvua zikianza, nilikuwa namvusha mwenyewe asubuhi na jioni, na siku nilizochelewa shuleni moyo wangu haukukaa mahali pake.

"Kivuko kitajengwa!" mgombea akapaza sauti. "Ndugu zangu, kivuko kita...?"

"Kitajengwa!" umati ukaitika.

Akarudia mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, na mimi nimeduwaa. Kwa Kiswahili kivuko kinaweza kujengwa bila mjenzi. Kwa mikono yetu hapana. Lazima nimweke mtu mahali fulani hewani, nimpe mawe, nimwinamishe. Nikamwonyesha mgombea: huyu atajenga. Mara nikahisi nimemlia kiapo ambacho hakukila.

Lini? mdogo wangu akauliza.

Hajasema, nikajibu.

Mgombea alikuwa amepamba moto. Alikuwa akiwaonya watu wasidanganywe na wengine. "Wahenga walisema," akanguruma, "asiyesikia la mkuu huvunjika guu!"

Watu walilipuka kwa makofi. Mikono yangu ikasimama kifuani. Jozi sita za macho zilinitazama, zikisubiri. Ningeweza kuiruka methali ile, nikafanya ishara nyingine ya "mnichague", na hakuna ambaye angejua. Nikaitafsiri kama ilivyo: mtu asiyesikia mkubwa anasema nini, mguu wake unavunjika.

Mdogo wangu akasimama. Akainua pindo la sketi hadi juu kidogo ya kifundo, akanyoosha mguu wa kulia mbele ya uwanja mzima, akauzungusha taratibu. Kisha wa kushoto. Benchi zima la viziwi likacheka, kile kicheko chao kisichojali kinasikikaje. Umati nao ukacheka bila kujua sababu. Mdogo wangu akaongeza kwa mikono: na kivuko, nani, lini?

Mgombea akanigeukia, kipaza sauti kiko wazi. "Anasema nini huyu?"

Nikakisogelea kipaza sauti. "Anasema hajamsikia mkuu yeyote tangu akiwa na miaka minne, na miguu yake yote ni mizima. Na anauliza, kivuko atakijenga nani, na lini."

Niliona vijana wa kampeni wakitazamana, nikajua kazi yangu imekwisha. Yule mzee alivua kofia.

"Nisamehe, binti yangu," akamwambia mdogo wangu, na mimi nikatafsiri. "Methali hiyo nimeifundisha darasani maisha yangu yote, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu inayemgusa. Na hilo la kivuko, sijui. Nitakuja kukujibu."

Nilidhani ni maneno ya kujinasua tu. Siku mbili baadaye akaja kwenye chumba cha cherehani, na daftari lenye hotuba yake yote kwa mwandiko wa ubaoni. Akataka nimtafsirie mdogo wangu sentensi moja moja. Mdogo wangu akasogeza vitambaa, akachemsha chai, akachukua chaki ya kukatia nguo.

Tulikwama mstari wa kwanza. "Tutahakikisha." Inaonekanaje hiyo? mdogo wangu akauliza. Mtu anafanya nini, anapohakikisha? Mzee akafikiri. "Kwa kweli," akasema, "anakuwa amekaa." Chaki ikapita juu ya neno hilo. Tulipofika kwenye "mchakato" nilizungusha mkono kama gurudumu. Mdogo wangu alingoja, nikazidi kuzungusha, akangoja tena, kisha akauliza: linazunguka, halafu? Mzee alicheka hadi akatoa leso.

Jioni ile hotuba ilibaki nusu ukurasa. Kuhusu kivuko ilisema hivi: "Diwani hajengi kivuko. Mimi nitakachofanya ni kukiomba kila kikao cha baraza, na baada ya kila kikao nitasimama hapa hapa niwaambie wamenijibu nini." Mikono yangu haikukwama popote. Niliipenda sana.

Watu hawakuipenda. Mkutano uliofuata walipiga makofi ya adabu, kama ya kwenye ripoti ya mwaka ya usharika. "Mwalimu, changamka!" mmoja akapiga kelele. Mzee akatabasamu, akaendelea hivyo hivyo.

Wiki ya mwisho nilikwenda kumsikiliza mpinzani wake, peke yangu, nikitoka shule. Alikuwa bwana wa makamo mwenye sauti nzito. Alianza chini, karibu kunong'ona, ikabidi tusogee. Akasimulia mama yake alivyoshuka mlimani na mkungu wa ndizi kichwani kwenda sokoni. Aliposema "sisi", ni kama alitukumbatia wote. "Mama aliyetubeba," akauliza, "na mkungu akaubeba, yeye alibebwa na nani?" Akanyamaza, akatuachia. "Hakuna!" tukajibu, na mimi nilikuwa nalia, kwa sababu mama yetu alikuwa amezibeba ndizi hizo hizo hadi soko la Kilombero, na amekufa hajapumzika. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Niliingia kwa mdogo wangu macho mekundu. Akasimamisha cherehani.

Amesema nini?

Nikainua mikono, nikaishusha. Nikaanza tena: mama, ndizi kichwani, nani alimbeba.

Halafu?

Halafu tukalia.

Na kivuko?

Nilijaribu kukumbuka. Hakukitaja. Wala barabara, wala zahanati. Amesema vizuri, nikajibu mwishowe, na aibu ikanipanda.

Hakunicheka. Alinisogelea, akaniambia niyaseme kwa mdomo, vile vile alivyoyasema yeye. Akaweka kiganja kifuani pangu, akafumba macho. Nikaanza kwa sauti ya chini, nikapanda, nikanyamaza pale aliponyamaza. Nilipomaliza hakuondoa mkono mara moja. Mama yetu alikuwa kati yetu, kwa njia ambayo siwezi kuieleza.

Ni tamu, akasema. Sasa naelewa kwa nini hukumbuki.

Yule mwenye sauti alishinda. Kura yangu nilimpa mwalimu, ingawa nakiri kalamu ilisita. Diwani wetu si mtu mbaya. Ukimfuata anakushika bega, anakusikiliza, unaondoka umefurahi. Kivuko bado.

Mwalimu alikuja chumbani juma moja baada ya matokeo. Alikuwa amejifunza alama mbili: "asante" na "nimeshindwa". Ya pili aliikosea, mdogo wangu akamchapa kidogo mkononi na kumwonyesha upya. Kisha mzee akasema alichokuwa amekifikiri. Nyumba yake iko ng'ambo, upande wa juu wa korongo, na maji yakianza kunguruma yeye huwa wa kwanza kuyasikia. Je, akipandisha kitambaa chekundu kwenye mti wa antena, mdogo wangu atakiona?

Mdogo wangu alikishona siku ile ile, pana kama shuka, na pindo mara mbili ili upepo usikichane.

Masika iliyopita nilisimama naye ukingoni, kitambaa kikiwa juu. Kulikuwa na jua. Watoto wa jirani, ambao masikio yao ni mazima, nao walikuwa wamesimama wakikitazama. Maji yakaja, meusi, yamebeba mgomba mzima na kiti cha plastiki. Mwanamke mmoja alikuwa akichoma mahindi pale kando, tukanunua mawili. Tulikula polepole, mdogo wangu akinisimulia juu ya bibi harusi mmoja msumbufu, mpaka upande wa pili mzee akakishusha kitambaa, nasi tukavuka.