Kwa Nini Dani Huinama Kanisani

Leo nimejua siri ya maombi ya Dani.

Dani ni nyanya yangu, wa Rusinga. Tangu aolewe huko miaka ya sitini, watu wakisimama kuimba kanisani, yeye huinama akaegemea benchi ya mbele.

Wamama wakaona huyu ni mtu wa maombi kweli. Wakamfanya kiongozi wao, mpaka leo.

Sasa asubuhi nimempeleka hospitali Homa Bay, mgongo umemsumbua sana. Daktari akamwambia ajipinde nyuma kidogo. Dani akanishika mkono, akauma mdomo.

Akaambiwa ainame mbele. Akapumua, akatulia kabisa.

Daktari akasema ni viungo vidogo vya nyuma ya uti wa mgongo. Akisimama sana vinabanana, akiinama vinapata nafasi.

Nikamwangalia Dani. Dani akaangalia dirisha.

"Dani, kumbe kanisani ni mgongo?"

Akanigeukia.

"Nyathina, mtoto wangu, nilikuwa nainama kwa sababu ya uchungu. Lakini nikishainama ningefanya nini? Nilikuwa nawaombea nyinyi."

Wamama wa kanisa, kama mmeona hii, tafadhali msimwondoe.