Nilipoiambia Namba ya Dharura Kwamba Ni Homa

Siku mwenyekiti wa kijiji alipotutangazia namba ya dharura, tarakimu tatu tu, bure hata simu ikiwa haina salio, niliuliza swali moja. Anayepokea amekaa wapi?

"Mjini huko, bibi."

Mjini wapi? Hajui. Swali halikunitoka.

Hapa kwetu Mahurunga, mwanamke akishikwa na uchungu hatutangazi. Ukiulizwa, unasema ana homa. Tunaogopa jicho la husuda. Mjukuu wangu alishikwa asubuhi, tunabangua korosho. Nikamwingiza ndani. Kumbe damu inatangulia kabla ya mtoto. Nimezalisha wengi mimi, lakini damu ile niliiogopa. Nikatoka kibarazani, panaposhika mtandao, nikapiga.

Akapokea binti.

"Huduma ya dharura."

"Nani mwenzangu?"

"Shikamoo bibi. Mgonjwa ana nini?"

Jirani yangu alikuwa palepale uani, anapepeta, na ungo umeacha kutikisika.

"Ana homa," nikasema.

"Homa tangu lini?"

"Leo. Leteni gari."

"Kwa homa, bibi, muwahisheni zahanati kwa bodaboda. Gari ni la..."

"Bibi!" Mjukuu wangu huyo, toka ndani, sauti imekwisha. "Mwambie! Nitakufa na siri yako!"

Nikamtazama jirani. Naye akanitazama. Nikapaza sauti, nisikie mwenyewe nisije nikarudi nyuma: "Ni uchungu! Damu inatoka, mtoto hajatoka!"

Yule binti akageuka mtu mwingine. Mimba miezi mingapi? Mlaze ubavu wa kushoto. Kijiji gani, karibu na nini? Nikamwambia ghala la korosho. Jirani hakuuliza kitu. Akatupa ungo, akavua kanga ya juu, akakimbia barabarani kulipungia gari.

Mjini walimpasua. Wakatoka wote wawili wazima.

Siku ya kurudi nilimuuliza nesi, wale wanaopokea simu wanakaa chumba gani? Akacheka: "Mimi mwenyewe sijawahi kuwaona, mama." Nikazunguka jengo, nikachungulia madirisha mawili, mlinzi akanifukuza.

Tumekatazwa kupiga bila shida, na mimi sipigi. Lakini yule binti nilimwacha na damu na ghala la korosho. Hajui kama mtoto ni wa kike.