Mngurumo Kando ya Sagana

Juzi nilimwona msichana akiendesha baiskeli, blanketi limefungwa kwenye keria, nikakumbuka alasiri moja kando ya mto Sagana. Tulikuwa watatu: mimi, dada yangu mkubwa Nyambura, na rafiki yetu Meena, ambaye baba yake alikuwa na duka Karatina. Ilikuwa siku ya pili ya safari yetu ya baiskeli. Tulikuwa tumesimamisha hema kwenye mchanga, jua likiwaka, viazi vikinukia motoni, niliposikia mngurumo.

"Lori inakuja," nikasema.

Nyambura alitega sikio. "Lori gani, na hapa hakuna barabara? Ni mto! Pandisheni baiskeli!"

Tulizikokota mpaka juu ya ukingo. Harufu ya udongo ilitangulia, kisha maji mekundu yakaja na magogo, yakachukua hema na viazi vyetu. Nililia, nikiamini mlima umetukasirikia. Sasa najua ilikuwa tu mvua iliyonyesha huko juu.

Meena alijifuta matope usoni. "Sasa turudi nyumbani?"

"Kwa nini?" Nyambura alijibu. "Si tuko na baiskeli?"

Mimi, mdogo wao, ndiye niliyepanda kwanza, na sikuelekea nyumbani.