Nilimwachia fundi kadi ya king'amuzi, dada yangu akaishia polisi Nakonde

Wakuu, heshima kwenu. Ninayoandika hapa yamenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa. Hasira bado ninayo, kwa hiyo nikipitiliza mnivumilie.

Naishi Chapwa, hapa Tunduma. Dada yangu ameolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde.

Wenyeji wa huku mnajua mchezo wetu. King'amuzi tunanunua Zambia, kinasajiliwa kwa jina la ndugu wa kule, halafu kinavushwa hadi sebuleni Tanzania. Cha kwangu kilikuwa kwa jina la dada. Hakuna aliyeona ubaya, mimi wa kwanza.

Mwaka jana picha ikawa inagandaganda. Nikamwita fundi dishi mmoja maarufu hapa mjini. Akaja na kiboksi kidogo, akakiunga na intaneti, chaneli zote zikafunguka, hata ambazo sijawahi kuzilipia. Nikafurahi kama mtoto.

Wakati anaondoka akasema, "Bro, hii kadi hapa haina kazi tena. Niachie ofisini niwe nai-update. Ila kifurushi endelea kulipia, kiboksi kinaitegemea."

Haina kazi, lakini niilipie! Na mimi na elimu yangu nikampa, sikuuliza hata swali moja.

Jumapili moja nimetoka kanisani, nikaingia baa karibu na stendi kuangalia mpira. Katikati ya mechi zikatokea namba kwenye skrini, zikakaa sekunde chache, zikapotea.

Nikashtuka. Namba ile ninayo kichwani, ndiyo ninayoandika kila nikilipia. Kadi ya dada!

Kwa msiojua: kampuni hurusha namba hizo makusudi, ili ijue ni kadi ya nani inatumika kuiba matangazo. Fundi alikuwa ameichomeka ofisini kwake, akavuta waya kwenda kwenye mabaa na mabanda ya mpira.

Nikamfuata. Mnajua alinijibu nini?

"Kwani umeibiwa nini? TV yako si inaonyesha?"

Wateja wake wakacheka. Nikadai kadi, akasema nirudi kesho. Kesho yake sikwenda, wakuu. Nilihofia kukosa zile chaneli. Hilo silifichi.

Siku tatu baadaye shemeji yangu akapiga simu. "Mulamu, polisi walikuja na watu wa kampuni. Wanataka king'amuzi, sisi hatuna. Wamemchukua dada yako. Njoo mukwai, tafadhali, njoo sasa."

Safari hii sikumwomba fundi. Nikaingia ofisini kwake nikaichomoa kadi mwenyewe. Nikavuka mpaka na king'amuzi kwenye mfuko wa salfeti, nikaeleza kila kitu pale kituoni, pamoja na ujinga wangu.

Dada alikuwa kwenye benchi tangu asubuhi. Hakunitazama. Walipomwachia jioni, njiani aliniambia maneno haya tu: "Ungeniomba jina langu ukampe mtu baki, ningekunyima."

Alikuwa mwalimu wa Sunday School. Kanisani wakamwambia apumzike kwanza mpaka maneno yapoe. Hadi leo anapumzika. Wale watoto wanampita kwenda darasani kwa mwalimu mwingine, na mtaani kuna wanaomwita mwizi wa dishi. Inaniuma jamani!

Na fundi? Anadunda tu, keshapata kadi ya mwingine. Wanaonuniwa ni sisi. Majirani hawanisalimii, eti nimewakatia mpira. Watu wazima kabisa!

Nilichojifunza: ile kadi ina jina la mtu. Ukimwachia fundi, umemwachia mtu huyo.

Najua humu wapo ambao kadi zao hivi sasa ziko "ofisini kwa fundi". Msinitukane kwanza. Semeni hapa chini zimesajiliwa kwa jina la nani, na kama mwenye jina mmemwambia.